Shombo Kwenye Mpini

Harufu ilimpokea Msasa mlangoni kabla mdogo wake hajampokea.

Aliweka mkoba chini, akavuta pumzi moja tu, akaijutia. Lilikuwa shombo la samaki. Wala halikuwa lile shombo la kila siku la jirani yao mkaanga samaki, ambalo hupita mtaani asubuhi na kwenda zake kama mtu mwenye shughuli. Hili lilikuwa limelala humu ndani, likafungiwa madirisha, likaota mizizi. Chini yake kulikuwa na kitu kingine kilichochacha, kitamu kwa namna mbaya, kama kikaango kilichosahauliwa uvunguni mwa kitanda.

"Karibu dada! Shikamoo. Mzazi hajambo? Mjukuu je?"

"Marahaba. Wote wazima. Nini kimekufa humu?"

"Hakijafa kitu."

"Basi kiko taabani."

Mdogo wake akacheka. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, mnene, mwepesi wa kucheka, na watu walimwita Mteremko kwa sababu palipokuwa na njia mbili yeye hakuuliza ipi inafika, aliuliza ipi haina kilima. Dada yake naye majirani walimwita Msasa. Wapo waliosema ni kwa ajili ya mikono yake, ambayo haikuachia mti mpaka uwe laini kama shavu la mtoto. Wapo waliosema ni kwa ajili ya ulimi wake. Mwenyewe hakuwahi kuwasahihisha, si hawa wala wale.

Kwa siku kumi na mbili Msasa alikuwa kwa bintiye aliyejifungua, akimwogesha mtoto na kumkanda mama yake. Huku nyuma aliacha kazi iliyobaki kidogo tu: manati arobaini za chama cha walenga shabaha, ambacho hufanya mashindano mara moja kwa mwaka, na mwaka huu yalikuwa keshokutwa. Alikuwa amezichagua panda za mpera mwenyewe, kila moja yenye pembe mbili zilizoachana sawasawa. Alizipaka nta kwenye ncha zilizokatwa ili zisipasuke, akazikausha kivulini miezi miwili. Kisha alizibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, moja baada ya nyingine, akazila kwa tupa ya meno makubwa, halafu ya meno madogo. Akazisugua kwa msasa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Akazifuta kwa kitambaa chenye unyevu ili nywele za mti ziamke, na zilipoamka akazisugua tena zikalala zisiamke. Mwisho alichoma chapa ya marehemu baba yao chini ya kila mpini: duara lenye nukta katikati. Kilichobaki kilikuwa mafuta mikono mitatu, yaani kupakwa mara tatu, kisha kufunga mipira. Katibu wa chama angekuja kuzichukua saa nne. Sasa ilikuwa saa mbili na nusu.

"Zote tayari," alisema Mteremko, akavuta shuka lililofunika ukuta mzima.

Manati zilining'inia kwenye waya, safu nne, na zote zilimeta. Chini yake paka asiyekuwa wao alikuwa amekaa wima, macho juu, mtulivu kama mtu aliyefika mapema ibadani. Mstari wa sisimizi ulipanda ukutani, ukatambaa juu ya waya, ukagawanyika safu nne kwa nidhamu ambayo Msasa angeisifu kwingine kokote.

"Mbona zinang'aa hivi?"

"Si mafuta! Mikono mitatu, kama ulivyosema. Wa nne nimeongeza kwa mapenzi yangu."

Msasa akaangua moja. Mpini ulimganda kiganjani. Alipolegeza vidole, ngozi yake ilibanduka polepole, kwa sauti ndogo ya mdomo unaofumbuka. Vumbi lote la karakana lilikuwa limejishika pale: chembe za mbao, uzi wa shuka, unywele mrefu ambao haukuwa wake wala wa Mteremko. Na karibu na chapa ya baba yao, chini ya utando wa manjano, kitu cha mviringo kilimetameta. Alikikwangua kwa ukucha. Lilikuwa gamba la samaki.

Aliirudisha manati kwenye waya.

"Haya ni mafuta gani?"

"Ya kawaida."

"Ya kawaida ya nini?"

"Ya jirani, dada. Alikuwa anataka kuyamwaga. Nikaona mali ya bure hiyo, tena mazito, yameshakomaa."

"Yamekomaa kwa kukaanga nini?"

"Nawe dada! Jirani anakaanga nini?"

Msasa alitoka nje, akasimama akipumua kwa mdomo. Aliuweka mkono wenye utando mbali na gauni lake kama mtu aliyebebeshwa kitu kisicho chake. Kisha alirudi, kwa kuwa harufu, ijapokuwa inachukiza, haikuwa tatizo lake kubwa. Alikuwa ameona jambo jingine.

Alikaa mezani na manati ileile, akapindua mahali ambapo mpira hufungwa kwenye pembe kwa uzi wa nta. Mafuta ya kukaangia hayakauki. Yalikuwa yameteleza kutoka kwenye mti, yakapenya chini ya uzi, yakaingia kwenye mpira. Na mpira na mafuta ni kama mbuzi na chui, havilali zizi moja. Pale penye fundo mpira ulikuwa umevimba na kujikunja kama ngozi ya kidole kilichoshinda majini. Aliufinya. Ulikuwa mlegevu, wenye ute. Alikaza mpini kwenye jiliwa, akashika kile kipande cha ngozi kinachokaliwa na gololi, akavuta. Hakufika hata nusu ya mvuto wa mlengaji. Mpira ulikatika penye fundo, ukarudi ukampiga kwenye kifundo cha mkono kwa mlio uliomfanya paka akimbie.

"Huo ulikuwa mbovu," alisema Mteremko.

Msasa alichukua ya pili, ikakatika. Ya tatu ilivutika vizuri mara tano, na mara ya sita ikakatika. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomtisha kuliko zote. Mlengaji huvuta mpira hadi shavuni, jicho likiwa wazi. Mpira ukikatika penye pembe, hurudi palepale lilipo jicho.

"Kula kwako kote," aliwaka sasa, "na kunywa kwako, na kuoa kwako, hujui kwamba mafuta ya chunguni ni ya chunguni? Ungepaka na mchuzi basi! Ungetia na chumvi! Baba alifanya kazi humu miaka thelathini, wewe umemgeuza muuza vibanzi!"

"Dada..."

"Nina kinyaa na wewe. Kinyaa! Mtu gani anaona manati akafikiria kikaango?"

"Dada, nilikupigia simu."

"Ukapiga kusema nini?"

"Siku ile ya tatu. Nikakuuliza, dada, mafuta yako siyaoni, kabati umefunga, umeondoka na ufunguo. Unapakaga mafuta gani? Ulinijibuje?"

Msasa aliikumbuka simu ile.

Mtoto alikuwa ndani ya beseni, anateleza mikononi kama sabuni, na simu ilikuwa imebanwa kati ya bega na sikio. Alikuwa amejibu bila kufikiri, kwa maneno yaleyale aliyowajibu wateja, washindani, majirani na ndugu kwa miaka ishirini: *Ya kawaida tu. Mafuta ni mafuta. Usiniulize mengi.*

Hayakuwa ya kawaida. Yalikuwa mafuta ya mbegu za kitani, yanayokauka yakawa magumu ndani ya mti, na mipira hufungwa baada ya hapo tu. Baba yao alimwonyesha yeye peke yake, siku moja, mlango ukiwa umefungwa. Na tangu hapo yeye naye hupaka mlango ukiwa umefungwa. Chupa aliibandua karatasi yake. Kabati alilitia kufuli. Mdogo wake alikuwa amefagia karakana hii tangu ana meno ya utoto, na hakuwahi hata siku moja kuliona tone la mafuta yale. Na siku alipouliza, dada yake akamdanganya. Na mdogo wake, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsifu kwa utii, safari hii alikuwa ametii neno kwa neno.

Alitazama kiganja chake. Ute ulikuwa bado unang'aa kwenye mistari yake, na kile kinyaa alichokuwa amekimwaga kwa mwenzake kwa pupa namna ile kilirudi nyumbani, kikaketi, kikavua viatu.

"Kuna mpira mwingine?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Umeisha wote. Ukiagiza leo, ni wiki."

"Basi hakuna."

"Tuzifute na majivu," alisema Mteremko, akijaribu kumsaidia. "Juu tupige vanishi. Harufu itakaa chini."

"Na mpira?"

Mteremko alichukua kitambaa cha majivu, akaanza kufuta hivyohivyo, kwa kuwa mikono mitupu ilimwogopesha.

Saa nne kasorobo aliingia mke wa Mteremko, mwanamke mrefu mwenye mabega ya kazi, mlengaji ambaye chama kilikuwa kimemweka mbele mwaka huu. Alisimama mlangoni, akajiziba pua kwa ncha ya kanga.

"Haa! Wifi umerudi, au umeoza?"

"Nimerudi, wifi. Sogea mwangani."

"Usinitazame, nimeharibika sura. Huyu mdogo wako juzi alinipa moja nifanyie mazoezi. Jana nimevuta kwa pupa, mkono ukanisaliti." Akacheka, akaondoa kanga.

Mstari mwekundu uliovimba ulianzia kwenye shavu, ukapanda, ukakoma upana wa kidole kimoja chini ya jicho la kulia. Katikati yake ngozi ilikuwa imechanika, na juu ya mchaniko huo palikuwa na utando wa manjano ambao Msasa aliujua.

Mteremko aliacha kufuta. Alimtazama mkewe, akatazama waya wenye manati, akamtazama tena mkewe. Uso wake mnene ulipungukiwa na damu mpaka ukafanana na majivu aliyoshika.

"Umeniambia umejikwaruza kwenye mlango," alisema.

"Ningekuambia nini? Kwamba bingwa wako kajipiga mwenyewe? Mtaa mzima ungenicheka. Mume wangu, mbona unakaa chini?"

"Hukujipiga," alisema Msasa. "Kaa na wewe."

Lakini hakuwahi kumalizia, kwa kuwa Katibu alikuwa amefika.

Katibu wa chama alikuwa mtu wa pasi na utaratibu. Shati lake jeupe lilikuwa na mikunjo iliyonyooka kama mistari ya daftari, na hakuwahi kufika mahali dakika tano kabla wala dakika tano baada. Alivuka kizingiti, akasita, pua ikajikunja pasipo ridhaa yake.

"Asalaam. Fundi, kuna nini humu?"

"Dawa ya mchwa," alidakia Mteremko kutoka pale chini.

"Mchwa gani anayekimbia samaki?"

Katibu alikaribia waya, akagusa mpini kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole chake, akatoa leso na kukifuta kwa muda mrefu, kila upande. Halafu akajikaza kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Sikiliza, fundi. Sitakuficha, zinatia kinyaa. Lakini walengaji arobaini wanakuja keshokutwa, uwanja umeshachorwa, shabaha zimeshapigwa rangi. Sina pa kwenda. Na chapa hii naijua. Miaka yote haijatuangusha. Tutazisugua kwa mchanga. Sisi tunalenga, hatuli. Nifungie zote."

Njia ilikuwa hiyo, pana, haina kilima. Katibu alikuwa anaomba. Wifi yake alikuwa bado anaamini kwamba kosa ni la mkono wake. Manati zingetoka, karakana ingebaki na mteja wake mkubwa, na baadhi ya mipira, kama ile ya tatu, ingevutika mara tano. Huenda ingevutika mara hamsini. Huenda.

Mteremko aliinuka, akamsogelea dada yake, akanong'ona mgongo akiwa amempa Katibu.

"Kama unataka kusema, sema ni mimi. Sema nimeharibu ulipokuwa safari. Mimi watu wameshanizoea, dada. Chapa ibaki safi."

Msasa alimtazama. Alitafuta usoni mwake kejeli, akaikosa. Na hapo ndipo kinyaa kilipokuwa kikali kuliko asubuhi yote, kwa kuwa kwa kitambo kifupi, kisichozidi pumzi mbili, alikuwa ameupokea ule msaada. Alikuwa ameshaipanga na sentensi yenyewe: *Katibu, unamjua mdogo wangu.* Ilikuwa tayari juu ya ulimi, laini, imepigwa msasa mara tatu.

Aliimeza.

"Sikufungii hata moja," alimwambia Katibu.

"Unasema?"

"Njoo uone." Alikaza manati ya nne kwenye jiliwa, akavuta. Mpira ukakatika, ukapiga ubao wa meza. "Mafuta yameula mpira. Mtazame shemeji yenu hapo shavuni. Hakukosea yeye. Ilikuwa mojawapo ya hizi, na imekosa jicho kwa kidole kimoja."

Wifi yake alijigusa chini ya jicho, taratibu, kwa mara ya kwanza akiwa na hofu.

"Nani aliyepaka uchafu huu?" Katibu aliuliza, na macho yake yalikuwa yameshamwendea Mteremko.

"Aliyepaka ni yeye. Aliyesababisha ni mimi. Aliniuliza mafuta gani, nikamdanganya, kwa sababu nimezoea kumdanganya kila anayeuliza. Nilifungia mafuta kabatini ili siku nikifa watu waseme hapatakuwa na mwingine kama yeye. Mficha uchi hazai, Katibu. Mimi nimeficha miaka ishirini, na nilichozaa ndicho hicho ukutani."

Katibu alikunja leso yake, upande uliochafuka ukawa ndani, akaikunja tena, akaitia mfukoni. Alipozungumza sauti yake haikupanda.

"Shombo ningelivumilia, fundi. Umenisikia mwenyewe nikilivumilia. Lakini mimi nilikuwa nawakabidhi watu manati zako bila kuzikagua, kwa kuamini kwamba humu ndani watu wanaambizana ukweli. Ndugu yako wa tumbo moja, karakana moja, na hajui anachokipaka?" Alitikisa kichwa, akiwa amekunja uso uleule aliokuwa nao alipougusa mpini. "Nitanunua za plastiki dukani. Ni mbaya, lakini nitajua ubaya wake. Mwakani sijui. Usiniulize."

Akatoka, akipita mbali na waya.

Walibaki watatu, na sisimizi wao.

"Samaki mmoja akioza," alisema wifi, akajaribu kucheka, "kumbe na mipini nayo." Kisha akainua mkono akamzaba mumewe kibao cha bega, si cha nguvu, akakiacha kiganja palepale begani. "Na wewe. Pua yako ilikuwa imesafiri?"

"Nilidhani ndivyo yanavyonukaga," alisema Mteremko. "Mlango ulikuwa unafungwa. Ningejuaje?"

Msasa alichukua mkasi. Alianza safu ya juu, akakata mpira wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Mteremko alitafuta kisu akaanza safu ya chini. Mipira ilianguka sakafuni na kujikunja, milegevu, yenye ute, kama matumbo ya kitu kilichopasuliwa sokoni. Wifi aliifagia kwa ncha ya ufagio, uso pembeni, akaisukumia ndani ya gunia. Walipokwisha, Msasa alikwangua mpini mmoja kwa kipande cha kioo mpaka mti mweupe ukatokea, akaunusa. Bado. Mafuta yalikuwa yameingia ndani, na hata mti mweupe ulinuka. Huenda nusu yake zingepona kwa sabuni, jua na subira. Nusu zilikuwa kuni, tena kuni ambazo hakuna ambaye angetaka moshi wake jikoni.

Alinawa mikono mara tatu. Alifungua kabati, akatoa chupa, akaiweka mezani mlango wa karakana ukiwa wazi kwa mtaa mzima. Kisha alichukua chaki inayotumika kuchorea mbao, akasimama mbele ya ubao wa ukutani, akaanza kuandika kwa herufi kubwa, moja baada ya nyingine, jina la mafuta, namna ya kuyapasha moto ndani ya maji, namna ya kuyapaka membamba kwa kitambaa, namna ya kuyafuta yote yanayobaki juu. *Mikono mitatu*, aliandika. *Kisha nta ya nyuki. Kisha mipira.*

Mteremko alisoma kwa kufuatisha kidole, midomo ikicheza.

"Dada, kati ya mkono wa kwanza na wa pili unangoja muda gani?"

Mkono wa Msasa ulisimama ubaoni. Swali lilikuwa dogo, na jibu lake ndilo lililokuwa roho ya kazi yote. Asiyelijua angeweza kuwa na chupa ileile na bado akaharibu. Alihisi meno yake yakikutana yenyewe, kama mlango wa zamani unaojua kujifunga bila kusukumwa. Nyuma yake ndugu yake alikuwa anangoja, na mke wake anangoja, shavu limevimba.

Aliikandamiza chaki mno, ikavunjika. Aliokota kipande kilichobaki, akaandika: *Siku mbili. Ikinata, tatu.*